Maharage ya Benki Kuu ya Darasa la Sita

Juzi mwalimu mwenzangu aliingia ofisini na kiroba cha mbegu za maharage alizotumiwa kutoka kwao. Alipokifungua ili atuonyeshe, harufu ya majivu na pilipili kavu ikajaa chumba kizima, watu wakaanza kupiga chafya na kucheka. Mimi nilimuuliza amezipata wapi. Akasema ametumiwa na mama yake. Nikamuuliza mama yake amezipata wapi. Akanitazama, akafunga kiroba chake, akaenda kukiweka chini ya meza yake, mbali na yangu.

Simlaumu. Nafundisha uchumi hapa Biharamulo, kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wangu wameshanizoea. Nikiambiwa bei imeshuka nauliza kuna nini, nikiambiwa imepanda nauliza nani anafaidi. Wanadhani nilijifunza hayo chuo kikuu. Nilijifunza nikiwa darasa la sita, Ngara, kwenye kijiji kimoja si mbali na Mbuba, na hadi leo sijui aliyenifundisha zaidi ni mwalimu wetu, ni mama yangu, au ni jirani yetu Mama Spesioza.

Ninyi mliokulia huko mnaijua harufu ninayoisema. Maharage ya kula hayatiwi majivu. Ya kuuza pia hayatiwi, maana mnunuzi hataki uchafu. Ni mbegu peke yake inayochanganywa na majivu ya jikoni na pilipili iliyotwangwa, ikatiwa mtungini, mtungi ukapandishwa darini juu ya moshi, na hapo haiguswi mpaka mvua za vuli zikaribie. Watu wanaweza kulala njaa na mtungi uko juu ya vichwa vyao. Mtoto akionekana anauchungulia, anachapwa kwanza, maelezo baadaye.

Mama yangu alikuwa Msubi wa huku Biharamulo, akaolewa Ngara kwa Wahangaza. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, na ukoo wake ukamwachia Mama nyumba, kipande cha migomba na jina. Jina lenyewe lilikuwa "yule Msubi". Angeweza kurudi kwao, wengi walitegemea arudi, lakini hakurudi. Akaanza biashara ya maharage. Wakati wa mavuno alinunua kwa akina mama wa pale, sado kwa sado, akayatunza stoo, na bei ikipanda akayapakia kwenye lori la Biharamulo.

Mtu anayenunua kwako kwa bei ya chini akaenda kuuza kwingine kwa bei ya juu humpendi, hata kama ni wewe uliyemfuata na mzigo kichwani. Walisema sado yake ya kupimia imegongwa kitako ili ibebe zaidi. Nilisikia hayo chemchemini, na kwa kuwa nami nilikuwa na mashaka yangu, siku moja alipokwenda kanisani niliichukua ile sado, nikaijaza maji, nikayamimina kwenye sado ya akina Spesioza iliyokuwa imeanikwa uchanjani kwao. Yalilingana. Sikuridhika. Nilijiambia huenda anayo nyingine.

Mwaka huo ndipo alipokuja Mwalimu, kijana mrefu kutoka Dar es Salaam, mwenye Kiswahili laini kilichotufanya tuzionee haya r zetu na l zetu. Alikuwa amesomea uchumi chuoni, akatarajia kufundisha sekondari, akapangiwa shule yetu ya msingi na somo la maarifa ya jamii. Kwa miezi kadhaa alitufundisha milima na mito kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Tulipofika kwenye mada ya shughuli za uchumi akapona ghafla.

"Kuanzia leo," akasema, "darasa hili ni nchi. Mimi ndiye serikali, na Benki Kuu pia ni mimi."

Akaweka mezani mfuko wa maharage aliyoyanunua gulioni, yale makubwa, meupe yenye madoa mekundu. Akamgawia kila mtu konzi moja. "Na hizi ndizo fedha zenu."

Tulicheka. Mmoja nyuma akauliza kama fedha hizo zinaiva haraka. Mwalimu naye akacheka, lakini hakujua tunacheka nini. Kwao maharage yanatoka dukani, kwa kilo, na huyapati bila kulipa. Kwetu yalikuwa darini kwa kila mtu. Serikali ilichagua fedha ambayo kila raia alikuwa ameirundika nyumbani, na katika darasa zima hakuna aliyemwambia.

Shule haikuwa na maji. Kila asubuhi darasa la sita lilishuka bondeni na madumu, likapanda tena ule mlima kwa utelezi, shingo zikiuma. Mwalimu alitangaza kwamba amri na viboko vimekwisha. "Serikali ya kisasa haiamrishi, inatoa motisha," alisema. Aliyekwenda chemchemi alilipwa maharage, na asiyetaka kwenda alilipia. Deski la dirishani lilikuwa na kodi yake. Aliyechelewa alitozwa faini, na aliyetaka kuchongewa penseli kwa wembe wa mwenzake walielewana bei wenyewe. Kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri hadi mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni kuangalia.

Baada ya muda tuliobaki kushuka bondeni tulikuwa wachache, sisi ambao nyumbani hatukuwa na mtungi wa kuchovya mkono. Mama alifunga stoo kwa kufuli, na mtungi wa mbegu zake mwenyewe aliuficha humo humo. Wenzangu walikuja shuleni mifuko ya sketi na kaptula imevimba. Spesioza, niliyekuwa nikikaa naye deski moja, alinunua msamaha wa wiki nzima kwa mkupuo, akaupulizia mkono wake majivu yakaruka. Niliyaona majivu yale kwa macho yangu. Nilimwonea wivu tu.

Bei zikaanza kupanda. Msamaha wa chemchemi uliokuwa wa konzi moja ukawa wa konzi mbili, kisha kofia nzima. Mwalimu alifurahi sana. Aliandika ubaoni MFUMUKO WA BEI, akapiga mstari chini hadi chaki ikakatika. "Mnaona? Fedha zimekuwa nyingi, huduma ni zile zile! Sasa niambieni, fedha hizi za ziada zinatoka wapi?"

Spesioza alitazama juu, kwenye mabati.

Serikali ikachukua hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa kuongeza kodi, ili kupunguza fedha mikononi mwa wananchi, na maharage ya kodi yakawa yanamwagwa kwenye gunia kwenye kona ya ofisi. Hatua ya pili ilikuwa kupiga marufuku fedha bandia. Watu walikuwa wameanza kuleta maharage ya kila aina, madogo, meusi, ya njano, na Mwalimu akasema Benki Kuu inatambua yale makubwa ya madoa mekundu peke yake. Alidhani amefunga mlango. Kumbe yale ya madoa mekundu ndiyo yaliyokuwa mbegu ya vuli kwa nyumba karibu zote, na waliokuwa wakichota kwenye gunia la maharage ya kula jikoni sasa wakapanda darini.

Gunia la ofisini lilijaa. Siku moja halikuwepo. Shule ikawa na mpira mpya wa ngozi, na Mwalimu akawa na mabuti mapya ya mvua. Mpira niliuelewa. Mabuti niliyatilia mashaka, na bado nayatilia mashaka.

Mawingu yalipoanza kukaa juu ya vilima, akina mama wakaanza kushusha mitungi. Wa kwanza alikuwa Mama Spesioza. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, msema kweli kwa jinsi alivyoijua kweli, na shamba lake lilipakana na letu kwa ua wa minyaa. Tulimsikia kutoka kwetu. Alipiga yowe moja, watu wakadhani kuna aliyekufa. Mtungi ulikuwa na majivu mengi na maharage ya kuhurumia. Kabla ya jua kuzama nyumba nyingine zilikuwa zimeshusha mitungi yao, na kila penye mtoto wa darasa la sita palikuwa na kilio.

Mtaniuliza, watoto hawakujua? Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Kila mtoto alijua konzi yake. Konzi yake ilikuwa ndogo, aliipima kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wa mtoto haumalizi mtungi. Konzi za jana hakuzijumlisha na za leo, wala za kaka yake hakuzihesabu. Kwa hiyo walipoona mtungi mtupu, wenzangu wale waliogopa kwa moyo safi kabisa. Waliamini kwamba wao waliiba kidogo, na kuna kitu kingine kilichoiba kwa wingi.

Na kitu hicho kilikuwa na jina. Chuma ulete, ule uchawi wa mtu kukaa kwake ametulia na mali yako ikamfuata yenyewe, hela kutoka kwenye droo, nafaka kutoka ghalani. Sasa, nani pale kijijini alikuwa na stoo iliyojaa maharage wakati wengine hawana? Nani alikuwa mgeni, mjane, mwenye kufuli? Hawakuhitaji mganga wa kuwapigia ramli. Kesho yake Spesioza alihama deski. Mama alisalimia watu njiani, watu wakaitikia huku wanatazama mikono yake.

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu. Niliamini. Nilikuwa na sababu, maana kwa muda mrefu nilikuwa nikimsikia Mama akiamka kabla ya kuku, anajifungia stoo na kusema maneno kwa sauti ya chini, kwa Kisubi cha haraka ambacho sikukifuata vizuri. Nilishika majina tu. Mama Spesioza alitajwa. Mwenyekiti wa kitongoji alitajwa. Baada ya kila jina alitema mate. Nilikuwa nalala upande wa pili wa ukuta huo wa udongo, na jasho lilinitoka ingawa asubuhi za Ngara ni za baridi. Niliacha kula maharage nyumbani, nikasingizia tumbo. Mama alinikamulia limau na kunipaka mafuta tumboni, na nilipoguswa na mikono ile nilishtuka, naye akaona nimeshtuka.

Walikuja baada ya misa ya Jumapili. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mbele, mzee mpole aliyetamani jambo hili limpite, na nyuma yake akina mama wengi, na wanaume kadhaa wenye mapanga wakijifanya wametoka kukata majani ya ng'ombe. Watoto walijipanga kwenye ua wa minyaa kuangalia. Watu walikuwa wameshakubaliana njiani. Zikipatikana dalili, yule Msubi aondoke kabla ya mvua ya kwanza, na asipoondoka nyumba ya nyasi haihitaji moto mkubwa. Hilo la mwisho Spesioza alilisema kwa sauti ili nilisikie.

"Shikamoo, mzee," Mama akasema.

"Marahaba. Mama, watu wamepotelewa na mbegu. Wanaomba waone stoo yako, mioyo itulie."

"Ya kwako imetulia?"

Mwenyekiti akakohoa. Mama akafungua kufuli. "Ingieni. Mkimwaga mnazoa."

Walipekua gunia baada ya gunia. Yalikuwa maharage ya biashara, safi, hayana kitu. Nilianza kupumua. Kisha Mama Spesioza akafika kwenye gunia la nyuma, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa wa kijivu. Akaunusa. Akapiga chafya.

"Majivu," akasema. "Na piripiri. Haya ni mbegu! Nani anauza mbegu zake mvua ikiwa mlangoni? Nani?"

Hakuna anayeuza mbegu wakati huo. Akaleta konzi nje kwenye mwanga. Makubwa, meupe, madoa mekundu. Wanaume wale wakaacha kujifanya. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikawaza kwamba ni kweli, mama yangu ndiye, na sasa watamuua.

"Hayo ni ya shule," Mama akasema. "Nimeuziwa na mwalimu. Aliniambia ni michango."

Wakacheka kicheko kibaya. Mwaka huo shule haikuwa imechangisha maharage kwa mzazi yeyote. Mama Spesioza akasema, "Hata mwarimu wa watu unamsingizia!" Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu, akamtuma kijana mmoja kumwita. Tukasubiri. Mama alisimama mlangoni mwa stoo yake bila kutazama mtu, na mimi pia hakunitazama.

Mwalimu alifika na mabuti yake, anatabasamu, akidhani ni mkutano wa maendeleo. Akawaamkia wazee wote. Mwenyekiti akamwonyesha lile gunia. "Mwalimu, uliuza haya kwa huyu mama?"

"Ndiyo, niliuza. Yalikuwa yameanza kuingia wadudu."

"Uliyatoa wapi?"

"Ni mapato ya serikali."

"Serikali gani?"

"Ya darasa la sita," Mwalimu akajibu, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na wametulia, akaona nafasi nzuri ya kueleza. Akawaeleza nchi yetu, motisha, msamaha wa chemchemi, mfumuko wa bei na jinsi serikali ilivyoudhibiti kwa kutambua aina moja tu ya maharage. Alieleza vizuri, mkono ukipanda na kushuka kama yuko ubaoni. Alipofika kwenye aina moja ya maharage, uso wa Mama Spesioza ulianza kugeuka, polepole, kutoka kwa Mwalimu kwenda kwenye ua wa minyaa. Na nyuso nyingine zikageuka naye. Pale kwenye ua hapakuwa na mtoto. Majani ya migomba yalikuwa yanatikisika hadi bondeni.

Mwalimu alisimama katikati ya sentensi. Nadhani ni wakati ule tu alipojua fedha za ziada zilikuwa zinatoka wapi.

"Basi," mwenyekiti akasema, ameona mwanya wa kumalizia, "jambo limeeleweka. Mama, warudishie watu mbegu zao."

"Nimezinunua."

"Lakini ni zao."

"Nimezinunua kwa hela, mzee, na Mwalimu ndiye shahidi. Anayetaka aje, nitampimia. Kwa bei ya mbegu. Nilipoitwa mchawi sikupewa punguzo."

Kelele zikapanda. Mmoja akasema bei ya mbegu ni wizi, wao walimuuzia maharage kwa bei ya mboga. Mama akamgeukia Mwalimu. "Baba, si ndicho unachofundisha? Waeleze." Na yule kijana, mabuti yamejaa vumbi la uani kwetu, akawaeleza wazazi wa wanafunzi wake kwa nini kitu kile kile kina bei moja wakati wa mavuno na nyingine wakati wa kupanda. Walimsikiliza wamenuna. Hakuna aliyempinga, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anapiga hesabu kimya kimya atakachouza kesho.

Walipoondoka nilimfuata Mama jikoni. Nilimuuliza lile swali nililolibeba kwa wiki nyingi, asubuhi anasema nini mle stoo.

"Nawatukana," akasema.

"Nani?"

"Wote. Mmoja mmoja kwa jina. Ukiishi ugenini matusi yanakujaa, na chemchemini siwezi kuyasema. Nayamwagia magunia." Akanitazama. "Ulidhani nafanya nini?"

Nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia. Mama hakunibembeleza. Alinipakulia maharage, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Siku zilizofuata walikuja na sado zao, wakalipa, wakapimiwa, wakaondoka. Hakuna aliyeomba radhi. Mimi nilitegemea watakuja na radhi kidogo, hata kwa mzaha, lakini niliona wanavyozipepeta mbegu pale pale uani mara mbili, majivu yote yatoke, kabla ya kuzibeba. Mwalimu alirudi kwenye milima na mito, na sisi sote tukarudi chemchemi kwa amri.

Mama Spesioza hakuja. Hakuwa na hela, na msimu wa kahawa ulikuwa umeshapita. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, shamba lake lililolimwa vizuri kuliko yote likawa limekaa jeusi, tupu, ng'ambo ya minyaa. Mama alilitazama kila akitoka kupanda. Siku moja akajaza sado hadi ikawa na kichwa, akaniita, tukavuka ua.

"Mama Spesioza, mvua imekaa. Chukua, panda."

"Bei gani?"

"Nimesema chukua."

Mama Spesioza akarudisha mikono nyuma ya mgongo. "Oya, sitaki, mama. Bure hapana. Bure ya kwako siijui ina nini ndani."

"Ina maharage."

"Niuzie."

"Huna hela."

Akaingia ndani. Akatoka na mtetea wake wa kijivu, yule aliyesifika kitongoji kizima kwa kutaga. Kuku yule alikuwa na thamani ya sado kadhaa, na sote watatu tulilijua hilo.

"Huyu amezidi," Mama akasema.

"Ndivyo ninavyotaka. Azidi. Nisiwe na kitu chako."

Mama alimpokea. Aliondoka nyumbani akiwa na nia ya kupata jirani, akarudi na kuku. Niliumia kwa ajili yake, kwa sababu nilimwona jinsi alivyoshikilia ile sado tupu kwa mkono wa pili, mdomo umekaza.

Kesho yake kuku alitaga chini ya kitanda. Nililikimbiza yai jikoni likiwa la moto. Mama akalipokea, akaligeuza kwenye mwanga, akaliweka dirishani. "Acha kwanza," akasema. Siku iliyofuata likaja jingine, naye akaliweka kando ya lile la kwanza. Nilimuuliza tutakula lini.

"Mtu hatoi kuku anayetaga hivi kwa sado ya maharage," Mama akasema. "Kuna jambo."

"Ameogopa tu, Mama."

"Mimi je? Mimi siogopi?"

Siku ya lori alimfunga kuku miguu, akaenda naye sokoni Biharamulo, kwa watu wasiotujua. Aliporudi alinieleza jinsi ilivyokuwa. Alitaja bei ndogo ili amalize haraka. Mwanamke wa kwanza akamshika kuku, akampapasa kifua, akauliza mbona rahisi hivyo, ana nini, akamrudisha. Wa pili vivyo hivyo. Mama akanyanyuka, akahamia upande mwingine wa soko, akataja bei mara mbili ya ile ya kwanza, na kuku akanunuliwa papo hapo bila swali. Mayai yale ya dirishani aliyafukia kwenye migomba.

Wiki kadhaa baadaye, Mama na Mama Spesioza walikutana kwenye ua wa minyaa, kila mmoja na jembe lake. Nilikuwa nyuma ya Mama, nimebeba dumu. Walisalimiana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kuku.

"Yule mtetea anataga?" Mama Spesioza akauliza.

"Kila siku," Mama akasema. "Na maharage yaliota?"

"Yote, mama. Hakuna hata moja lililooza."

Walikuwa wanatabasamu, na lilikuwa tabasamu zuri, la majirani. Mimi nilikuwa nimesimama mahali ninapoona shamba lote. Hapakuwa na mche hata mmoja wa maharage. Kulikuwa na matuta ya viazi vitamu, yamenyooka, yamepangwa hadi kwenye ua wetu.